Vikombe vya Mpira kutoka Akbu

Mavyaa wangu, Nna Faruja, fleti ya mwanawe mdogo aliiita kabati. "Hosin anaishi kabatini," alikuwa akimwambia mume wangu, "na ufunguo anao mkewe, Samira." Fleti yenyewe iko mjini Tizi Uzu, ghorofa ya nne, ina maji ya moto na dirisha linalotazama dirisha la mtu mwingine. Alilala huko usiku mmoja tu, siku ya arusi ya Hosin, na asubuhi yake akatangaza kwamba hakufumba jicho kwa sababu kuna watu walikuwa wakitembea juu ya kichwa chake.

Kwa hiyo figo zake zilipogoma, na daktari akasema damu itasafishwa kwa mashine huko mjini mara tatu kwa juma, maisha yote, mama wa watu hakuuliza kama mashine inauma. Aliuliza, "Na nitalala wapi?"

"Kwako, Mama," Arezki, mume wangu, akamjibu. "Nitakuteremsha mimi na kukupandisha mimi."

Ahadi hiyo aliitoa akilitegemea gari moja, Pijo 404 ya pikapu, ya marehemu baba mkwe, iliyoingia kijijini kabla mimi sijazaliwa. Rangi yake ilikuwa ya kijivu, turubai nyuma, na mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu, tena kwa mwenye kuujua. Ilikwisha kubeba zeituni, mbuzi, mabibi arusi wa nusu ya kijiji, na jeneza la mwenyewe aliyeinunua. Kutoka barabara ya lami hadi mlangoni kwetu ni mteremko wa mawe unaopinda mara mbili, na magari ya siku hizi yakifika pale chini kwenye chemchemi hugeuza. Gari la wagonjwa lilikuja mara moja. Dereva akashuka, akatazama juu, akasema yeye ana watoto.

Msiniambie tungenunua gari jingine. Huku kwetu gari kuukuu halishuki bei, linapanda, na fundi seremala kama Arezki akitaka gari auze nyumba kwanza.

Mwaka mzima mambo yalikwenda. Kisha asubuhi moja ya vuli, wakiteremka kwenye kona ya shule, Arezki akakanyaga breki, na mguu ukazama mpaka sakafuni. Akarudisha gia, akavuta breki ya mkono, akaliegemeza gari kwenye ukuta wa mawe likakwaruza ubavu mzima mpaka likasimama. Nna Faruja akasema bismillahi. Kisha akamgeukia mwanawe. "Kwa nini unaegesha hapa? Leo shule haina mkutano."

Mtu asiyejua magari nitamweleza kama fundi Ghani alivyonieleza mimi. Kwenye kila tairi kuna silinda ndogo ya chuma, na ndani ya silinda kuna vikombe viwili vya mpira, vidogo kama vifuniko vya chupa. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki huvisukuma vile vikombe, navyo husukuma viatu vya breki vikabana, gari likasimama. Kikombe kikichanika, mafuta yanavuja na gari halisikii la mtu. Vyetu vilikuwa vimechanika vyote.

"Kazi ndogo," Ghani alisema, akipangusa mikono. "Ukinipatia vikombe, asubuhi naanza, mchana unaendesha."

"Na visipopatikana?"

"Hapo nitafutie kazi nyingine, Arezki."

Basi Arezki akaanza kutafuta. Alipanda basi hadi masoko ya spea ya mashariki, huko ambako wanasema hata safina ya Nuhu ina spea zake. Akarudi na vikombe vipya vinang'aa, ndani ya boksi zuri lenye maandishi ya dhahabu. Ghani akavitia. Safari chache tu, vikaanza kumeguka vyeusi kama makaa, mafuta yakavuja tena. Boksi lilikuwa la kweli, kilichokuwamo ni cha bandia. Kumbe kuna watu kazi yao ni kuokota maboksi matupu na kuyajaza takataka, na watu hao usiku wanalala usingizi. Niliwaombea kile ambacho mwanamke anaweza kumwombea mtu, kisha nikaomba msamaha kwa Mungu, kisha nikawaombea tena.

Binamu yetu aliyeko Ufaransa akatuma mzigo. Tuliusubiri kama mvua. Ulipofika, Ghani akavipima vikombe kwa kidole tu akacheka: vilikuwa vya gari la abiria, si vya pikapu, vinapwaya ndani ya silinda. Ghani akajaribu ujanja wake mwenyewe, akafunga silinda za gari la aina nyingine kabisa. Breki ikashika, lakini ilishika upande wa kushoto peke yake. Arezki alijaribu mara moja pale uwanjani, gari likazunguka lenyewe likatazama lilikotoka, akazima injini akatoka.

Na muda wote huo mashine haikuwa ikingoja mtu. Hosin alikuwa akija na gari lake hadi kwenye chemchemi. Mimi nilimteremsha Nna Faruja kwa mguu, mkono wangu kiunoni mwake, na jioni, akitoka mashineni amekauka midomo, tulimpandisha juu ya punda wa jirani. Mwanamke aliyewahi kubeba tini mgongoni kutoka bondeni huku akiimba, sasa amelala kifudifudi juu ya shingo ya punda, nami nimemshika nguo asianguke. Nilikuwa nalia njiani. Yeye hakulia, alikuwa akinisuta.

"Punguza kunishika, we binti wa watu. Miaka yote hii ulikuwa unaomba nianguke, leo ndiyo unanishika?"

"Sitaki uangukie njiani, Mama. Punda si wetu, watatudai."

Akacheka kidogo. Kicheko chake hicho kilikuwa chembamba sana, na mimi nikaogopa.

Hosin hakuwa mtu mbaya. Jioni moja alipanda hadi nyumbani, akakaa karibu na moto, akasema alichokuja kusema. "Kaka, theluji ikianguka punda naye hatapanda. Mimi na Samira tumekwisha kuandaa chumba. Mama anakosa mashine mara moja tu, mara mbili, tunamzika. Theluji ya kwanza nakuja kumchukua."

Arezki akatazama moto. "Kama breki zitakuwa zimepona?"

"Zikipona, mimi mwenyewe nitakuja kumbusu huyo mzee wa kijivu kwenye taa."

Nna Faruja alikuwa amelala upande wa pili, uso ukutani. Tulidhani usingizi umemchukua. "Kule kabatini," akasema bila kugeuka, "mtu akifa wanamteremshaje? Kwa lifti?"

Lifti ya Hosin haijafanya kazi tangu lilipojengwa hilo jengo.

Habari za mji wa Akbu zilikuja kwa mdomo, kama habari zote za kweli zinavyokuja. Mchuuzi wa ngano alimwambia Arezki kwamba upande wa pili wa mlima Jurjura kuna mzee, Dda Amrane, aliyeuza spea za Pijo peke yake maisha yake yote, akafunga duka alipoona soko limejaa bandia. Arezki akapiga simu, akamweleza habari za mama na gari. Mzee akasema njoo, ila siahidi kitu. Safari hiyo nikasema nakwenda nami, maana nilimjua mume wangu: akikataliwa mara moja huona haya kuuliza mara ya pili. Mimi sina haya hiyo.

Dda Amrane alitupokea mlangoni, mrefu, amevaa burnusi, joho la sufu lenye kofia, juu ya suti iliyopauka, na kabla hatujataja breki tukala. Mkate wa shayiri, mafuta, tini kavu, kahawa. Ndipo akauliza, "Ni ya mwaka gani?" Arezki akamjibu. "Ngoma za breki, zote nne?" Zote nne. "Mmetia za boksi la dhahabu?" Tukainamisha vichwa. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jina la mlevi wa ukoo wake.

Akatushusha ghalani chini ya nyumba. Kulikuwa na giza na baridi. Akatoa kopo la bati, ndani ya kopo kitambaa, ndani ya kitambaa unga mweupe wa kupaka watoto, na ndani ya unga vile vikombe. Alikichukua kimoja akakibana kati ya vidole, kikajikunja, kikarudi. Akampa Arezki naye akabana. Mume wangu ni mtu mzima mwenye mvi, lakini nilimwona kidevu kinacheza.

"Hivi nilijiwekea mimi," Dda Amrane alisema. "Kwa gari langu. Nikifa, nilisema, gari litakuwa bado linasimama. Kisha wanangu wakanichukulia ufunguo, wakaliuza, eti macho yangu hayaoni. Sasa nina breki na sina gari."

"Na sisi tuna gari, hatuna breki," nikasema.

"Basi tumekamilika." Akacheka. Kisha akawa makini. "Mpira ni kama mtoto mchanga. Hautaki jua, hautaki moto. Mkiosha silinda, msiutie kwenye petroli, utaharibika papo hapo. Viacheni kwenye unga wake mpaka fundi awe tayari. Na mkipata vingine kama hivi popote duniani, nipigieni nije nivione, maana mimi nimetafuta."

Arezki akatia mkono mfukoni. Mzee akamshika mkono ule ule. "Mama yako anaitwa nani?"

"Faruja."

"Mwambie Faruja aniombee dua. Dua ya mgonjwa haipigwi teke."

Tulirudi tumelikumbatia lile kopo kwa zamu. Ndani ya basi Arezki alikuwa akiimba chini chini, na ninyi hamumjui, Arezki haimbi. Nna Faruja alipoelezwa, aliinua viganja pale pale kitandani akamwombea Dda Amrane mpaka wajukuu wa wajukuu wake. Akaomba apewe macho yake, apewe gari lake, aingie peponi analiendesha.

Sasa sikilizeni tulivyojimaliza wenyewe. Ghani alikuwa na arusi ya dada yake, akasema Ijumaa. Mimi nikasema tumtafute fundi mwingine. Arezki akakataa: Ghani ndiye aliyehangaika nasi, si uungwana kumruka siku ya furaha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini uungwana wetu huu, tukiambiwa tufe kwa ajili yake, tunauliza saa ngapi. Lile kopo likawekwa kwenye shubaka la ukuta, karibu na kitanda cha mama, kwa kuwa ndipo mahali penye baridi nzuri. Mavuno ya zeituni yalikuwa yameanza, na mimi kutwa nzima nilikuwa mtini, ufito mkononi.

Jioni moja narudi, vidole vimekufa ganzi, ananiuliza, "We Juher, zile ndizo breki zenyewe?"

"Ndizo, Mama."

"Vile vikavu vile? Vina vumbi kama miguu ya mwombaji."

"Ndivyo vinavyotakiwa," nikasema, nikaenda kuosha mikono. Nilikuwa nimechoka. Sikuliwazia tena neno lile.

Ijumaa asubuhi Ghani akaja na vyombo vyake, bado ana hina ya arusi kidoleni. Arezki akafungua kopo. Unga mweupe haukuwamo. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa na kukunjwa vizuri. Vikombe navyo havikuwamo.

"Msihangaike," Nna Faruja akasema kutoka kitandani, na sijamwona akifurahi vile tangu augue. "Nimeviandaa mwenyewe. Viko kwenye mtungi."

Mtungi mdogo wa udongo ulikuwa miguuni pake, ule anaowekea mafuta ya mzeituni wa nyuma ya nyumba, mti alioupanda siku alipoletwa bibi arusi. Mafuta yale hatukuwa tukiyala. Aliwapaka watoto wachanga siku waliyozaliwa, wote, wa kwake na wa kwangu. Alipaka magoti, vitovu, bawaba za mlango, mikanda, kwato za punda, vidonda vya ng'ombe. Marehemu mumewe alipokuwa anakata roho alimlainishia midomo kwa mafuta yale. Kitu kikikauka, katika dunia ya Nna Faruja, dawa ni moja.

Arezki akatia mkono mtungini akatoa kikombe. Kilikuwa kimevimba. Kilikuwa kinono, laini, kinang'aa, kama kitovu cha mtoto. Ghani akakichukua, akajaribu kukitia kwenye silinda. Hakikuingia. Akakibana, kikaacha alama ya kidole, hakikurudi. Akakitazama kingine, na kingine. Vyote.

Mavyaa akatutazama mmoja mmoja. Furaha ikaanza kumtoka usoni polepole, na kuitazama ikitoka ilikuwa ni adhabu.

"Arezki," akasema. "Ni mafuta yangu?"

Mimi nilikuwa na jibu. Ulimi wangu umekuwa na jibu la mwanamke yule kwa miaka ishirini na zaidi, na safari hii jibu lilikuwa haki tupu. Nikaufunga mdomo. Nilimwona amekaa pale, mikono juu ya mapaja, mishipa ya mkono imevimba pale wanapomchoma sindano, anangoja hukumu ya mwanawe, na nikaufunga mdomo.

"Mafuta?" Arezki akasema, tena kwa sauti kubwa mno. "Mafuta yako yamewahi kumdhuru nani, Mama? Vilikuwa vimekufa kwa uzee. Mpira mzima haufanyi hivi. Mzee ametupa vibovu. Si kweli, Ghani?"

Ghani akainamia vyombo vyake. "Vibovu," akasema.

"Vibovu," nami nikasema, kwa sababu macho yake yalikuwa yamefika kwangu.

Akashusha pumzi. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kumwona anapumua. Kisha akaniomba nimsimamishe. Nikampeleka hadi kizingitini, akavua kitambaa cha kichwa, nywele zake nyeupe zikaanguka mabegani, akauelekea mlima. Kwetu mwanamke mzee akivua kitambaa na kuuelekea mlima, majirani hufunga madirisha.

"Amrane wa Akbu!" akapaza sauti. "Nimekuombea dua, nawe umenitia kaburini. Mola akukaushe kama mipira yako. Ulivyonitoa kwangu, nawe utolewe kwako. Ufe juu ya godoro la watu wengine, nyumba yako uione kwa kuhadithiwa!"

Arezki alikuwa amekaa chini, mtungi mapajani. Nilimwambia kwa macho: mzuie. Hakuinua uso.

Tulifanya yote ya kufanywa. Ghani akavikausha vikombe kwenye majivu, akaviosha kwa sabuni, akavianika. Vilivyopungua vikawa na nyufa. La kuvunda halina ubani. Theluji ya kwanza ilianguka alfajiri, si nyingi, ya kutosha tu kutia weupe mawe ya njia, na kabla ya adhuhuri Hosin alikuwa amefika. Nna Faruja alifunga mlango mwenyewe ingawa mimi na Arezki tulikuwa tunabaki ndani. Tukaufungua tena baadaye kwa ufunguo wetu, kimya kimya, kama wezi.

Tangu hapo alikuwa akinipigia simu kila siku, Samira akienda sokoni. Hakuwa akisema hujambo. "Moto umewasha?" Nimewasha, Mama. "Umewasha wa kweli au wa kunyamazisha bibi?" Wa kweli. Nyumba isiyotoa moshi, alisema, watu huizoea kuwa gofu. Kisha alikuwa akiniuliza habari za mahali fulani, siku moja ngazi, siku nyingine lile jiwe la kukalia mlangoni, nami nikimweleza jiwe. Mimi niliyeapa kwamba siku atakapotoka nitalala mpaka jua liwake, nilikuwa naamka gizani kuwasha moto ili nisimwambie uongo. Uongo tuliomwambia ulikuwa unatosha.

Laana nayo ilisafiri. Wanawake waliichukua chemchemini, wakaipeleka sokoni, dereva wa basi akaivusha mlima. Fundi mmoja, nikasikia, anatishia wateja wake: ukileta spea za kuokoteza zitakuwa za yule mwizi wa Akbu. Nilimwambia Arezki aende akayamalize. "Niseme nini?" akaniuliza. "Niseme ni Mama? Kesho atakuwa amesikia. Hafiki keshokutwa." Nilimchukia siku ile, na nilijichukia zaidi kwa kuwa ningefanya vile vile.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, siku moja Arezki akiwa kazini, nikasikia mtu anakohoa nje. Dda Amrane alikuwa amepanda mteremko wote kwa mguu, viatu vimelowa, burnusi imeshika matope hadi magotini.

"Binti yangu," akasema, hata hakukaa. "Nimeuza spea tangu sijaoa. Hakuna mtu aliyewahi kusema Amrane ameniuzia kibovu. Sasa watoto wa mtaani kwangu wananiuliza. Niambie wewe, maana niliona una ulimi: vilikuwa vibovu?"

"Kaa kwanza, Dda Amrane."

"Nitakaa ukishaniambia."

Nikamwambia. Unga, mtungi, mafuta, Ijumaa, kila kitu. Nilidhani atakasirika, na nilitaka akasirike, anitukane, anipunguzie mzigo. Badala yake akakaa polepole kando ya moto, akafunika macho kwa kiganja.

"Nilisema petroli," akasema. "Nilisema jua na moto. Mafuta ya zeituni sikusema. Na mimi nimezaliwa milima hii hii, Juher. Mama yangu alipaka mafuta hata saa ya ukutani. Nilikosaje kulijua hilo?"

"Si kosa lako."

"La nani, basi? La kwake?"

Niliweka kahawa motoni. Akaomba kuliona gari, nikamwonyesha kwa dirisha, limekaa juu ya mawe, theluji bado iko kwenye turubai. Alilitazama kwa muda, hakuomba kulisogelea.

Simu ikalia. Ilikuwa saa yake. Nilitaka kuizima, lakini angedhani moto wangu umezimika. Nikaipokea. "Moto umewasha?" Sauti yake ilikuwa imekonda zaidi kuliko jana. Dda Amrane akanyoosha mkono. Nikatikisa kichwa, nikamwambia kwa midomo, hapana, usifanye hivyo. Akaendelea kunyoosha mkono, kiganja wazi, mpaka nikampa. Nyumba yetu ni ya mawe, kuta zinarudisha kila neno, nilisikia yote.

"Faruja," akasema. "Ni Amrane. Wa vikombe."

Akaikaza simu sikioni.

"Nimekuja kuomba radhi. Vilikuwa vibovu. Nilijua ni vizee, nikavitoa hivyo hivyo. Kosa ni langu, si la mtu mwingine yeyote. Nisamehe."

Kisha nikamsikia Nna Faruja.

"Uko wapi?"

"Kwako. Karibu na moto."

"Unawaka?"

"Unawaka vizuri."

"Umekaa upande gani?"

Akatazama. "Upande wa dirisha."

"Hapo ni pangu," Nna Faruja akasema. "Mlima unaonekana?"

"Unaonekana. Juu bado una theluji. Chini umeanza kuwa kijani."

Alikuwa akipumua, tulimsikia wote wawili. Nikawaza sasa atasamehe. Nilikuwa nimeshika kifua nangoja neno hilo, kwa ajili ya mzee huyu, kwa ajili ya Arezki, kwa ajili yangu.

"Umepewa kahawa?"

"Inachemka."

"Basi kunywa kahawa yako," akasema. "Mimi mgeni simtukani akiwa chini ya dari yangu, baba yangu hakunilea hivyo. Kunywa, upate joto. Ukishatoka mlangoni, nitaendelea."

Akakata.

Dda Amrane akanirudishia simu kwa mikono miwili. Nikammiminia kahawa, akainywa polepole sana, kwa mafunda madogo, mpaka ikapoa. Kisha akauliza kama naweza kumpa kikombe kingine. Nikampa. Nikampa na cha tatu, nikaongeza kuni, na hakuna kati yetu aliyetaja basi la kurudi Akbu.